Sebuleni au Chini ya Chandarua: Mashine ya Gemu Yenye Makao Mawili



Kila zikaribiapo siku za Idi na likizo za skuli, hutujia suali moja lililovikwa nguo mbalimbali. Mama mmoja huuliza kama ni vibaya kumnunulia mwanawe mashine ya gemu. Mwengine huuliza ni ipi iliyo afadhali. Wa tatu hana suali bali ana habari: shangazi yao watoto aliyeko Dubai ameshaituma, nayo imeshawasili, basi afanyeje?

Aghalabu mashine hiyo huwa ni Nintendo Switch, na aghalabu husifiwa kuwa ni "ya watoto". Tumeona juma hili tuitazame kwa utulivu: imetoka wapi, ina michezo gani, na wenye kuiunda wanakusudia kuipeleka wapi. Kwa rai yetu, jambo kubwa la mashine hii si wahusika wake maarufu. Ni kwamba ina makao mawili. Yaweza kukaa sebuleni mbele ya watu wote, na yaweza kuingia mfukoni mwa mtoto mmoja. Mzazi asiyelijua hilo huenda amenunua kitu kimoja akidhani amenunua kingine.

Kampuni ya Nintendo ilianzishwa mjini Kyoto, Japani, mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi. Haikuanza na umeme. Ilianza na hanafuda, karata ndogo zenye michoro ya maua, na wacheza kamari walikuwa miongoni mwa wateja wake. Hatulisemi hili ili kukiharamisha kitu cha leo kwa asili yake ya jana. Ila wasomaji wetu hupenda kujua nasaba, na nasaba ndiyo hiyo.

Gemu za mkononi zilikuja baadaye sana. Husimuliwa kwamba mhandisi wa kampuni hiyo, Gunpei Yokoi, alimwona abiria ndani ya treni akijiondolea uchovu kwa kubonyeza-bonyeza kikokotoo, ndipo akapata wazo la mchezo mdogo wa kushika mkononi. Mwaka 1980 ukatoka Game & Watch, na mwaka 1989 ikafuata Game Boy. Yokoi alikuwa na kanuni ambayo akina mama waendao sokoni wataielewa mara moja: usikimbilie kipya kilicho ghali, chukua cha kale kilichokwisha kujulikana tabia yake, kisha kipe kazi mpya. Game Boy haikuwa na rangi wakati washindani wake walikuwa nazo, lakini zao zilimaliza betri upesi, na yake ilidumu.

Mwaka 2012 kampuni hiyo ilijikwaa. Ilitoa mashine iitwayo Wii U, ambayo kidhibiti chake kilikuwa na kioo kama tableti. Mtoto aliweza kukishika na kucheza, lakini mchezo wenyewe ulibaki ndani ya sanduku lililo karibu na televisheni. Akienda mbali nalo, picha hukatika. Ilikuwa kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Haikufikia kuuzwa milioni 14 duniani kote. Rais wa kampuni, Satoru Iwata, akatangaza mwezi Machi 2015 kwamba mashine nyengine inatengenezwa. Mwezi Julai mwaka huo huo akafariki akiwa na umri wa miaka 55, kabla haijafika madukani. Mashine hiyo ndiyo Switch, iliyotoka tarehe 3 Machi 2017.

Kamba ilikuwa imekatwa. Ubongo wote wa Switch umo ndani ya kile kibao chenye kioo cha inchi 6.2. Ukikisimamisha katika kiti chake kilichounganishwa na televisheni, picha huhamia ukutani. Ukikichomoa, mchezo huendelea mkononi pale pale ulipokuwa. Pande zake mbili zina vidhibiti vidogo viitwavyo Joy-Con, navyo hutoka. Kimoja chaweza kupewa Ali na kimoja Amina, kibao kikasimamishwa juu ya meza, wakacheza wawili bila kununua chochote zaidi.

Hapa ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo nasi. Sisi tuliolelewa katika mitaa hii twajua michezo yetu ilikuwa na umbo gani. Bao huchezwa na wawili, lakini wanaolicheza ni kumi, kwani wanane wamesimama wakitoa rai wasizoombwa. Keramu vivyo hivyo. Mchezo ulikuwa barazani, na baraza ilikuwa na macho: mzee akipita, sauti zilishuka, adhana ikisomwa, kete zilibaki mashimoni. Hapakuwa na haja ya mtu kuweka saa ya kuwazuia wachezaji, kwani baraza yenyewe ilikuwa saa.

Switch iliyo sebuleni, yenye Joy-Con mbili na watoto wanne wakipokezana, ina kitu cha baraza ile. Watagombana, watacheka, nyanya yao atauliza yule mtu mwenye masharubu ni nani. Mashine ile ile, saa tano za usiku, chini ya chandarua, kioo kimefifizwa na sauti imezimwa, ni kitu chengine kabisa. Haina tena tofauti kubwa na simu. Na mwenye kuamua iwe ipi si kampuni ya Kyoto, ni mwenye nyumba.

Yupo ndugu yake, Switch Lite, aliyetoka mwaka 2019 kwa bei ya chini. Wengi humnunua kwa sababu ya bei hiyo bila kujua kwamba haunganishiki na televisheni, wala vidhibiti vyake havitoki. Yeye ni wa mfukoni tu. Mtu akituuliza rai yetu kwa nyumba yenye watoto watatu, tungesema heri kusubiri na kuongeza fedha kuliko kununua Lite moja ya kugombaniwa.

Tuje kwenye michezo yenyewe. Iliyouzwa zaidi ni Mario Kart 8 Deluxe, mashindano ya vigari, ambayo imepita nakala milioni 60. Ni mchezo wa watu wengi mbele ya kioo kimoja, na hata mtoto wa chekechea hushiriki, maana upo msaada wa kumzuia asianguke njiani. The Legend of Zelda: Breath of the Wild, iliyotoka siku moja na mashine yenyewe, ni safari ndefu ya mtu mmoja katika nchi pana, ni nzuri kwa macho, lakini hula masaa kama moto ulavyo makuti.

Animal Crossing: New Horizons ilitoka mwezi Machi 2020, wakati dunia ilipokuwa imefungiwa majumbani, na ikauzwa zaidi ya milioni 40. Mchezaji huishi kisiwani, hupanda maua, huvua samaki, na saa ya kisiwa hufuata saa ya ukutani: kukichwa kwenu, na kule huchwa. Kuna jambo lililotufurahisha. Mfanyabiashara wa kisiwa, Tom Nook, humjengea mchezaji nyumba kwa mkopo usio na riba wala siku ya mwisho ya kulipa, yaani karibu na karadha njema tuifundishayo. Kisha tukakuta kwamba benki ya kisiwa hicho hicho humpa mwekaji riba kila mwezi! Mama mwenye mtoto wa miaka kumi anaweza kupata hapo darsa nzima bila kufungua kitabu.

Na uko mchezo mmoja ambao twautaja kwa ajili ya mama zetu wenyewe. Ring Fit Adventure, wa mwaka 2019, huja na gurudumu la kubana na kuvuta kwa mikono na mkanda wa kufunga pajani. Mhusika hukimbia ukikimbia, na hushinda ukichuchumaa na kunyanyuka sawasawa. Wengi wetu tunajua namna dada zetu wanavyotamani mazoezi na kukosa mahali pa faragha pa kuyafanya, huku sukari na presha zikibisha hodi katika kila nyumba. Mchezo huu hufanywa chumbani, mlango umefungwa, kwa mavazi utakayo. Ikiwa mashine imeshaingia nyumbani kwa ajili ya watoto, hapana ubaya mama naye akadai fungu lake.

Lakini asidanganyike mtu kwa neno "ya watoto". Katika mashine hii hii umo mchezo wa Doom, wa bunduki na damu. Kila mchezo una alama ya umri juu ya kasha lake: kwa mtindo wa Ulaya ni 3, 7, 12, 16 au 18; kwa mtindo wa Marekani, herufi E ni ya wote na M ni ya miaka 17 na zaidi. Inatosha kuisoma kabla ya kulipa. Ajabu ni kwamba tarehe ya kuharibika kwa maziwa tunaisoma.

Ama kuhusu hukumu za jumla, tumeona mambo yakigeuka. Mwaka 2001 wanavyuoni wa Saudi Arabia walipiga marufuku Pokémon, na miongoni mwa sababu walizotaja ni sura ya kamari. Mwaka 2022 mfuko wa uwekezaji wa dola hiyo hiyo ukanunua asilimia 5 ya hisa za Nintendo, ambayo ni mmoja wa wamiliki wa Pokémon, na mwaka uliofuata hisa hizo zikapita asilimia 8. Hatutaki kumcheka yeyote. Hoja ya kamari haikuwa ya upuuzi, kwani gemu za mwanzo za Pokémon zilikuwa na nyumba ya mashine za kubahatisha, iliyoondolewa baadaye. Tunachosema ni kwamba mzazi atazame mchezo mmoja mmoja, na jicho lake lisimame hasa pale mchezo unapomwambia mtoto alipe fedha ili apate kitu asichokijua.

Sasa, wanaelekea wapi? Switch ya kwanza imeuzwa zaidi ya milioni 150. Tarehe 5 Juni 2025 ikatoka Switch 2, na katika siku nne za mwanzo ikauzwa zaidi ya milioni 3.5. Kioo kimekua hadi inchi 7.9, hifadhi yake ni mara nane ya ile ya kwanza, na gemu nyingi za zamani hufanya kazi ndani yake. Ilikuja na Mario Kart World, ikafuatwa na Donkey Kong Bananza mwezi Julai. Kwa mwaka 2026 imetangazwa The Duskbloods, yenye mambo ya damu na viumbe wa usiku, dalili kwamba kampuni yawataka watu wazima pia na wala haifichi.

Mabadiliko matatu yanaigusa nyumba. La kwanza ni kitufe kipya chenye herufi C. Ukikibonyeza huanza mazungumzo ya sauti na wachezaji wengine, hadi watu 12, na ukiongeza kamera huonekana na sura. Wale waliokuwa wakituambia "hii ni afadhali kuliko simu, haina maongezi" hawana budi kuifikiri kauli hiyo upya. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 hapana maongezi mpaka mzazi aidhinishe kwa programu ya simu, lakini kinga hiyo husimama juu ya umri ulioandikwa katika akaunti. Mtoto akijifungulia mwenyewe na kujiandika kuwa ana miaka ishirini, mlango uko wazi.

La pili ni kadi. Zamani ukinunua kadi ya mchezo, mchezo ulikuwa ndani yake. Baadhi ya kadi za Switch 2 hazina mchezo, zina ufunguo tu; mchezo wenyewe hupakuliwa mtandaoni. Kwa nyumba inayonunua bando za intaneti kwa siku, kadi kama hiyo ni deni jipya. Kasha huwa limeandikwa, basi lisomwe.

La tatu ni bei. Switch 2 ilitoka Marekani kwa dola 449.99, kama shilingi elfu 58 za Kenya kabla ya ushuru na faida ya muuzaji. Mario Kart World peke yake ni dola 79.99, zaidi ya shilingi elfu 10. Na ile ya kwanza, ambayo mtu angetaraji ishuke, ilipandishwa mwezi Agosti 2025 kutoka dola 299.99 hadi 339.99.

Kwa hiyo wengi watanunua iliyotumika, na si aibu. Ukiishika, jaribu kwanza vijiti vya Joy-Con: kuna ugonjwa mashuhuri ambapo mhusika hutembea peke yake bila kuguswa, hata rais wa kampuni, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi kwa hilo mwezi Juni 2020. Kisha, kabla mtoto hajaishika, pakua katika simu yako programu ya wazazi ya Nintendo, isiyo na malipo. Humo utaweka dakika za kucheza kwa siku na saa ya kulala. Waweza kuchagua ipige kengele tu au iukate mchezo kabisa, na utaona mtoto amecheza nini na kwa muda gani. Itakutaka uweke namba ya siri. Isiwe mwaka wa kuzaliwa kwa mtoto, kwani anaujua. Na kile kiti cha kusimamishia mashine kifungwe hapo hapo penye televisheni, waya zake zipitishwe nyuma ya kabati, ili kurudisha kibao mahali pake usiku iwe ni kazi ya sekunde moja.