Kamba na Mshale: Istilahi Mbili za Elimu ya Fuwele

Mfasiri wa maandishi ya fizikia kuhusu fuwele za madini hukutana na istilahi mbili zichanganywazo kwa urahisi: kiraliti na polariti. Zote mbili hueleza upungufu wa ulinganifu, lakini upungufu wenyewe si mmoja.

Tutazame kamba iliyosokotwa kulia. Igeuze, mwisho uwe mwanzo: msokoto ungali wa kulia. Itazame katika kioo: msokoto umekuwa wa kushoto. Mshale ni kinyume chake. Kioo kilichosimamishwa ubavuni mwake hakiubadilishi. Bali ukiugeuza, kigumba huelekea nyuma.

Fuwele ya kwatzi ni mfano wa kamba. Atomi zake zimejipanga kwa kuzunguka, katika fuwele nyingine kulia, katika nyingine kushoto. Mwaka 1811, François Arago aligundua kwamba kwatzi hugeuza bapa la mtetemo wa nuru. Nuru ya manjano ya sodiamu ikipita katika mhimili mkuu hugeuzwa nyuzi 21.7 hivi kwa kila milimita. Fuwele ya mkono wa pili huigeuza kiasi kile kile kwa upande wa pili.

Turmalini, jiwe lichimbwalo hata Tanzania, ni mfano wa mshale. Ikipashwa moto, mwisho wake mmoja hupata chaji chanya na wa pili chaji hasi, nayo huvuta majivu. Lakini hailigeuzi bapa la nuru upande wo wote. Iodeti ya lithiamu ina sifa zote mbili.

Kwa kuwa Lord Kelvin aliiunda istilahi ya kwanza kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mkono, twapendekeza umkono. Kwa ya pili twapendekeza uncha, kwa kuwa sumaku tayari ina ncha. Maana yake iwe kwamba ncha mbili hazifanani.

Ipo hatari moja zaidi. Lugha za Ulaya hutumia shina lile lile la polariti kwa nuru itetemayo katika bapa moja. Tukilifuata, mwanafunzi atadhani kwamba kwatzi, kwa kuwa hugeuza nuru hiyo, ina uncha. Naye atakuwa amepotoshwa na neno, wala si na somo. Yafaa basi tuiite nuru ya bapa moja.