Gari Likitetemeka, Usikimbilie Kununua Kabureta

Huenda nawe unalo gari la zamani la kabureta ambalo asubuhi huwaka bila taabu, lakini likisimama kwenye taa za barabarani hutetemeka, hukohoa na mara huzimika. Mafundi husema gari hilo linamisi. Kwa familia inayoishi kwa mshahara, neno hilo huogofya, kwani aghalabu hufuatwa na orodha ndefu ya vipuri.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuuziwa kabureta nzima katika gereji moja. Gari liliendelea kutetemeka kama kwanza. Kumbe chanzo kilikuwa mpira mwembamba wa hewa uliopasuka, ambao bei yake haikufika nauli ya juma moja. Tangu siku hiyo nimeshika kanuni hii: anza na kisichogharimu kitu, urekebishe jambo moja, usikilize, ndipo uende kwa jingine.

Kabla ya yote, toa gari nje. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua watu katika banda lililofungwa. Watoto wakae mbali, na pasiwe na sigara wala moto.

Kwanza, kagua mipira ya hewa. Injini ikiwa inanguruma, nyunyiza maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira na chini ya kabureta, ukiepuka distributa na nyaya za umeme. Mlio ukibadilika, hapo ndipo hewa inapopenya na kuharibu mchanganyiko wa petroli.

Pili, fungua chujio la hewa. Likiwa limeziba kwa vumbi, injini hukosa pumzi na petroli huzidi.

Tatu, zima injini, iache ipoe, kisha ufungue plagi. Tia alama kwenye nyaya zake zisije zikapishana. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni njema. Yenye masizi meusi makavu huonyesha kuwa petroli imezidi. Isafishe kwa brashi ya waya, na upime nafasi ya ncha zake kama kitabu cha gari kisemavyo. Kwa magari mengi ya aina hii ni takriban milimita 0.8. Lakini plagi iliyolowa oili hudokeza kuwa injini imechakaa, na hapo hapana budi kumwona fundi.

Nne, tazama kifuniko cha distributa kama kina ufa, na pointi zake kama zimeungua.

Skrubu za kabureta ziguswe mwisho kabisa. Ile ya mchanganyiko, ifunge taratibu bila kuikaza, huku ukihesabu mizunguko, uandike, kisha uirudishe ilipokuwa. Injini ikipata moto, igeuze robo mzunguko tu kila mara, hadi mngurumo utulie.

Gari likikataa bado, nenda gereji na karatasi yako yenye kila ulichokagua na ulichokiona. Fundi mwaminifu ataishukuru, kwa maana imempunguzia kazi. Naye atakayetaka kukuuzia kabureta kabla ya kufungua boneti, utakuwa umeshamtambua.