Teknolojia Supamaketi: Mashine Huharakisha, Mnunuzi Hukagua

Mkazi anayeingia supamaketi siku hizi anaweza kununua unga, mafuta ya kupikia na sukari na kuondoka baada ya dakika chache bila kutoa noti hata moja mfukoni. Mashine husoma bidhaa, simu hulipa, risiti huchapishwa. Foleni zimepungua, lakini pia mnunuzi na muuzaji hawatajiani tena bei ya kila kitu kama ilivyo katika duka la mtaani. Kinachosikika ni mlio wa mashine tu. Kwa sababu hiyo, ni vyema kila mkazi aelewe jinsi mitambo hii inavyofanya kazi na mahali ambapo kosa linaweza kuingia.

Bei haimo kwenye mistari

Ile mistari myeusi na myeupe kwenye pakiti huitwa msimbopau. Ulisomwa dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974 katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani, kwenye pakiti ya chingamu. Chini ya mistari hiyo, bidhaa nyingi huwa na tarakimu 13. Nambari zinazotolewa kupitia shirika la GS1 Kenya huanza na 616. Hata hivyo, 616 si thibitisho kwamba bidhaa imetengenezwa Kenya. Inaonyesha tu kwamba nambari yenyewe ilitolewa hapa.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba msimbopau wa pakiti hauna bei. Mashine ya keshia husoma nambari, kisha kompyuta ya duka hutafuta bei iliyowekwa kwa nambari hiyo. Bei unayoiona kwenye rafu ni karatasi iliyobandikwa na mfanyakazi. Ofa inapoanza au kuisha, kompyuta inaweza kubadilishwa na karatasi ikasahaulika, au kinyume chake. Tofauti ya Sh20 kwa pakiti moja ya unga huonekana ndogo, lakini familia inayonunua pakiti nane kwa mwezi hupoteza Sh160.

Njia rahisi ya kujikinga ni kupiga picha ya bei ya rafuni kwa simu, hasa kwa bidhaa zenye ofa, na kutazama skrini wakati keshia anapopitisha bidhaa. Kosa likionekana kabla ya kulipa, hurekebishwa papo hapo.

Mizani na lebo

Nyanya, vitunguu, nyama na bidhaa nyingine zinazouzwa kwa kilo hupimwa kwenye mizani ya kielektroniki, ambayo huchapisha lebo yenye uzito na bei. Iwapo nyanya ni Sh120 kwa kilo na mizani inaonyesha kilo 1.25, lebo inapaswa kuonyesha Sh150. Kabla ya bidhaa kuwekwa, mizani inafaa kuonyesha sufuri. Uzito wa chombo pia unapaswa kuondolewa: trei ya gramu 50 ikipimwa pamoja na nyama ya Sh800 kwa kilo, mnunuzi atakuwa amelipa Sh40 kwa ajili ya trei.

Chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, mizani ya biashara lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri. Kazi hiyo hufanywa na maafisa wa mizani na vipimo wa kaunti, kwa kuwa Katiba imezipa serikali za kaunti jukumu la kusimamia biashara ya haki. Mkazi ana ruhusa ya kuuliza kama mizani imekaguliwa.

Kulipa kwa simu

Katika maduka mengi, keshia huchukua nambari ya simu ya mteja, kisha ombi la malipo huingia kwenye simu hiyo. Soma kiasi cha pesa na jina la duka kabla ya kuweka nambari yako ya siri. Nambari ya siri huwekwa na mwenye simu peke yake. Usimtajie keshia wala mtu aliye nyuma yako kwenye foleni, na usimpe mtu simu akuwekee.

Wanaoagiza bidhaa kupitia simu na kuletewa nyumbani wakumbuke kuangalia ada ya usafiri kabla ya kuthibitisha, na tarehe ya mwisho ya matumizi kabla ya mleta mizigo kuondoka.

Kadi za pointi

Kadi ya pointi humpa mteja punguzo, na hulipa duka taarifa: jina, nambari ya simu na orodha ya vitu anavyonunua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mteja haki ya kuelezwa taarifa zake zitatumiwaje, kuomba kuziona, kutaka makosa yarekebishwe na kukataa jumbe za matangazo. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Ukipata tatizo

Hifadhi risiti mpaka ufike nyumbani na ulinganishe na bidhaa ulizonunua. Ukigundua kosa, rudi dukani na risiti, lebo na picha ya rafu, umwone meneja. Kifungu cha 46 cha Katiba kinamhakikishia mnunuzi bidhaa zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro za bidhaa au huduma.

Duka likikataa kusikiliza, au ukishuku mizani, fika katika ofisi ya mizani na vipimo ya kaunti ukiwa na ushahidi huo. Taja duka, tarehe, saa na bidhaa yenyewe. Mizani moja yenye hitilafu huwapunja wateja wote wanaopimiwa hapo, na ripoti ya mkazi mmoja inatosha kumwezesha afisa kuanza ukaguzi.