Wilaya ya Jeseník na Serikali Iliyo Ng'ambo ya Milima

Katika upande wa kaskazini wa Jamhuri ya Ucheki, barani Ulaya, iko wilaya ndogo ya milima iitwayo Jeseník. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 719, na wenyeji wake hawafiki 40,000. Katika wilaya zote 76 za nchi hiyo, hapana nyingine yenye watu wachache kama hii. Lakini katika muda usiotimia nusu karne wilaya hii ilifutwa, ikarudishwa, kisha ikaondolewa ofisi yake. Habari zake zafaa kujulikana, kwa kuwa zaonyesha wazi jinsi maisha ya raia yanavyobadilika ofisi ya serikali inaposogezwa mbali naye au karibu naye.

NCHI NA MAJI YAKE

Upande wa kusini wa wilaya umezibwa na safu ya milima iitwayo Hrubý Jeseník. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Praděd, kina mita 1,491. Misitu ya misunobari imefunika miteremko, na wakati wa baridi theluji hulala huko kwa miezi kadhaa. Barabara ya kwenda kusini hupita mahali paitwapo Červenohorské sedlo, penye kimo cha mita 1,013, na theluji ikizidi safari huwa ya taabu. Reli nayo, ambayo ilifunguliwa mwaka 1888, hupanda milimani kwa njia ya Ramzová.

Kutoka milimani nchi hushuka kuelekea kaskazini mpaka Poland. Mto Bělá hupita katika mji wa Jeseník, ambao ndio makao makuu ya wilaya, ukaendelea hadi kijiji cha Mikulovice na kuvuka mpaka. Maji yake huingia katika mto Nysa, kisha katika mto Odra, na mwisho hufika Bahari ya Baltiki. Mito iliyo upande wa pili wa milima hiyo huelekea mto Danube na Bahari Nyeusi.

Basi hapo ndipo ilipo shida ya asili ya wilaya hii. Maji yake yaenda kaskazini, lakini raia mwenye haja ya kufika Olomouc, makao makuu ya mkoa, hana budi kuivuka milima kwenda kusini. Hata reli inayotoka mji wa Krnov, ulioko mashariki, hupita kwanza katika ardhi ya Poland, kwenye mji wa Głuchołazy, ndipo irudi Ucheki na kufika Jeseník.

Riziki ya wenyeji hutokana na misitu, machimbo ya mawe, kilimo katika nchi tambarare ya Vidnava na Javorník, na wageni wanaokuja kwa matibabu. Matibabu hayo ni ya asili ya hapo hapo. Mtu mmoja mwenyeji, Vincenz Priessnitz, aliyezaliwa mwaka 1799, alianza kutibu wagonjwa kwa maji baridi ya chemchemi, na mwaka 1822 akaanzisha nyumba ya matibabu katika mlima ulio juu ya mji. Wagonjwa walimjia kutoka nchi nyingi za Ulaya, naye alifariki mwaka 1851. Nyumba za matibabu zenye jina lake zingali zikifanya kazi.

MIPAKA ILIYOBADILIKA

Zamani nchi hii ilikuwa chini ya maaskofu wa Wrocław, ambao walikuwa na ngome yao Javorník. Mwaka 1742, baada ya vita baina ya Austria na Prussia, sehemu kubwa ya jimbo la Silesia ilichukuliwa na Prussia, na kipande hiki kidogo kikabaki kwa Austria. Tangu hapo ndipo mpaka ulipowatenga watu wa Jeseník na miji ya tambarare ambayo walikuwa wamezoea kuitegemea.

Mwaka 1918 dola ya Austria ilivunjika na nchi ya Chekoslovakia ikazaliwa. Wengi wa wenyeji wa Jeseník wakati huo walikuwa wasemaji wa Kijerumani. Mwaka 1938 Ujerumani ilitwaa sehemu za mpakani, na hii ikiwa mojawapo. Vita vilipokwisha mwaka 1945 nchi ilirudi kwa Chekoslovakia, na Wajerumani karibu wote wakahamishwa. Mahali pao palishikwa na watu kutoka sehemu nyingine za nchi, na baadaye walifika hata wakimbizi wa vita vya Ugiriki. Mji wenyewe, ambao Wacheki walikuwa wakiuita Frývaldov, ulipewa jina la Jeseník mwaka 1947. Kwa hiyo jamaa nyingi za hapo hazina makaburi ya mababu katika wilaya, na jambo la kujenga umoja wa watu wapya lilikuwa kazi kubwa tangu mwanzo.

WILAYA YAFUTWA, YARUDI

Mwaka 1960 serikali ya Chekoslovakia ilipunguza mikoa na wilaya ili kila moja iwe kubwa zaidi. Wilaya zilizobaki katika nchi nzima zilikuwa zaidi kidogo ya 100 tu. Jeseník ilifutwa na kuunganishwa na Šumperk, mji ulio upande wa kusini wa milima. Kwa miaka 35 raia wa vijiji vya mpakani aliyekuwa na shauri la ofisi ya wilaya alilazimika kuvuka milima kulipeleka. Utawala ulipobadilika mwishoni mwa mwaka 1989, madai ya kurudishiwa wilaya yalipata nafasi ya kusikizwa, na tarehe 1 Januari 1996 Jeseník ikawa wilaya tena.

Lakini ofisi hiyo haikudumu. Serikali iliamua kuwa kazi za utawala zisifanywe na wakuu wa wilaya waliowekwa kutoka juu, bali zigawanywe baina ya mikoa na miji yenye mabaraza yaliyochaguliwa. Ofisi zote za wilaya nchini zilifungwa mwisho wa mwaka 2002. Wilaya zenyewe hazikufutwa, na sheria iliyoanza kutumika mwaka 2021 imezitambua. Majina na mipaka yake hutumiwa kwa mambo kama mahakama na hesabu za takwimu, lakini hakuna tena mkuu wa wilaya.

NANI ATAWALA SASA?

Ngazi ya kwanza ni kijiji au mji. Wilaya ya Jeseník ina vijiji na miji 24, na kila kimoja kina baraza linalochaguliwa na wananchi kila baada ya miaka minne. Madiwani humchagua mmoja wao kuwa starosta, yaani mkuu wa kijiji au meya. Baraza hupanga matumizi ya fedha zake, hutunza barabara za kijiji, shule ya watoto wadogo, taa na maji.

Ngazi ya pili ni miji iliyopewa madaraka makubwa. Iko 205 nchini, na Jeseník ni mmoja wao. Ofisi ya mji huo huhudumia vijiji vyote 24. Humo ndimo hutolewa vitambulisho, pasipoti na leseni za udereva, na humo huamuliwa mambo ya ulinzi wa watoto na ya mazingira. Katika kazi hizi watumishi wa mji hufanya kazi ya dola, hufuata sheria za dola, nao husimamiwa na mkoa na wizara.

Ngazi ya tatu ni mkoa wa Olomouc, wenye baraza lake na mkuu wake aitwaye hejtman. Mkoa hushughulikia shule za sekondari, barabara za mkoa na usafiri wa abiria.

Mpango huu una faida na upungufu. Faida ni kwamba ofisi imebaki upande huu wa milima. Upungufu ni kwamba mtu wa Bílá Voda, kijiji kilicho pembeni kabisa mwa wilaya, hampigii kura meya wa Jeseník, ingawa hati zake zatoka katika ofisi ya meya huyo. Akiwa na malalamiko juu ya kazi hizo, kura yake haimsaidii. Yampasa kupeleka rufani mkoani, yaani ng'ambo ya milima.

WAKATI WA GHARIKA

Mpango wowote wa utawala hupimwa siku ya msiba. Mwezi wa Julai 1997, mwaka mmoja na nusu baada ya wilaya kurudishwa, mto Bělá ulifurika, na ofisi ya wilaya ndiyo iliyokuwa na wajibu wa kuongoza kazi ya uokoaji. Mwezi wa Septemba 2024 mvua kubwa zilinyesha tena milimani. Nyumba, madaraja na reli viliharibiwa katika Jeseník, Česká Ves na Mikulovice, na watu wengine waliokolewa kwa helikopta. Safari hii hapakuwa na mkuu wa wilaya. Kwa sheria ya sasa kila starosta huongoza kamati ya mafuriko ya mahali pake, meya wa Jeseník huongoza ile ya eneo zima, na hejtman ana mamlaka ya kutangaza hali ya hatari katika mkoa au sehemu yake.

Mto haungoji amri kutoka Olomouc. Mvua ikinyesha juu ya Praděd, maji hufika vijijini upesi, na anayeweza kugonga milango ya majirani usiku ule ule ni mtu akaaye papo hapo. Lakini madaraja na reli haviwezi kujengwa upya kwa fedha za kijiji peke yake, na hapo msaada wa mkoa na wa serikali hauna budi kuivuka milima. Kwa sababu hiyo watu wa Jeseník huhitaji ofisi mbili, ile iliyo karibu ya kuwaamsha, na ile iliyo mbali ya kuwasaidia kujenga tena.