Vinyama vya Puani na Dawa za Kihindi

Mwezi huu tuzungumzie vinyama vya puani, kwa kuwa wapo wanaovitibu kwa Ayurveda, yaani tiba ya asili ya India.

Vinyama hivi ni uvimbe laini usiouma, unaoota ndani ya pua iliyosumbuliwa muda mrefu. Si saratani. Pua huziba, makamasi hutoka, na mgonjwa hata harufu ya chakula haisikii. Wenye pumu hupatwa zaidi.

Waganga wa Ayurveda wanaujua ugonjwa huu tangu kale. Hutia puani matone ya mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na mimea; hupaka kshara, magadi makali ya majivu ya mimea, ili kuunguza kinyama; tena hutoa dawa za kunywa.

Je, zinaponya? Ushahidi hautoshi. Magadi yale huweza kuunguza hata sehemu nzima ya pua. Na baadhi ya dawa za kunywa zina sumu: mwaka 2004 wachunguzi walitangaza kwamba kati ya dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa Boston, Marekani, 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni.

Desturi moja ya Wahindi inafaa: kuosha pua kwa maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe, kisha tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita. Usitumie maji yasiyochemshwa. Hii hupunguza makamasi, lakini haiondoi vinyama.

Hospitalini daktari huchungulia pua, kisha hutoa dawa ya steroidi ya kupuliza puani kila siku. Isiposaidia, vinyama huondolewa kwa upasuaji. Vinaweza kuota tena, hivyo usiache dawa bila kuambiwa.

Usingoje nyumbani kama:
– uvimbe uko upande mmoja tu;
– pua inatoka damu mara kwa mara;
– jicho au uso umevimba;
– mgonjwa ni mtoto.

Huenda huo ni ugonjwa mwingine, hata saratani, na kuchelewa ni hatari.

Ukienda, chukua na dawa ya Kihindi unayotumia, umwonyeshe daktari bila aibu.