Alama Mbili za "Umepotea"

Juzi nilimnyima mwanafunzi alama mbili. Katika kifungu nilichokitunga, muuza nyanya anamwambia jirani yake aliyefika sokoni, "Siku hizi umepotea!" Nikauliza maana ya "umepotea". Mwanafunzi akajibu: "Analaumiwa kwa upole kuwa haonekani." Mwongozo wangu wa kusahihisha ulitaka "amekosa njia".

Kosa ni langu. Mwanafalsafa H. P. Grice alieleza katika mihadhara yake ya Harvard, mwaka wa 1967, kwamba msikilizaji humchukulia msemaji kuwa ana nia ya kushirikiana naye. Ndipo akatafuta maana isiyotamkwa. Kwani aliyesimama mbele ya nyanya amekosa njia gani?

Alama nimezirudisha. Lakini swali hilo nimelitumia miaka mingi, na walionyimwa kabla yake wamekwisha kuondoka shuleni.