Kisu cha Springi Kinahitaji Moto Mara Mbili

Wanaodharau kisu kilichofuliwa kutokana na springi ya gari hutazama kilikotoka: chuma kuukuu, kilichonunuliwa kwa kilo kwa muuza vyuma chakavu. Sayansi haiwaungi mkono. Springi bapa za magari mengi hutengenezwa kwa feleji yenye takriban asilimia 0.6 ya kaboni, na kaboni ndiyo inayokipa chuma uwezo wa kushika makali. Nondo laini ya ujenzi, hata ikitoka dukani leo, kaboni yake ni ndogo mno. Kisu chake kitakuwa butu kabla mboga za siku mbili hazijakatwa. Uchakavu basi si hoja. Kinachoamua kama kisu cha springi kitafaa jikoni ni moto, na hasa moto wa pili, ambao mwenye haraka huuruka.

Moto wa kwanza ni wa kukifanya chuma kiwe kigumu. Feleji ya springi ikipashwa hadi nyuzi 830 hivi za Selsiasi, atomi za chuma hujipanga upya na kuipa kaboni nafasi ya kuenea ndani yake kama chumvi inavyoyeyuka majini. Ikiachwa ipoe taratibu, kaboni hujitenga na chuma hubaki laini. Ikipozwa ghafla, kaboni hunaswa ilipo, na atomi hubanana katika mpangilio mgumu uitwao martensaiti, mgumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake bila kung'ata. Joto hilo linaweza kukadiriwa bila kipimajoto. Karibu nyuzi 770 feleji huacha kuvutwa na sumaku. Ikifika hapo, huongezwa moto kidogo tu, mpaka wekundu wake uelekee rangi ya chungwa, ndipo izamishwe. Wahunzi huita kazi hii kutia maji, ingawa kwa springi mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo ni bora. Maji hupoza kwa kasi mno, na bapa jembamba huweza kupasuka.

Hapo ndipo wengine hukinoa na kukitia mpini, na hapo ndipo hatari ilipo. Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu na kinakatika kama kioo. Kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika. Kikigonga mfupa, kipande cha makali kinaweza kubaki ndani ya nyama au kurukia jicho. Lazima kirudi kwenye joto dogo, nyuzi 200 hivi kwa saa mbili, ili sehemu ya kaboni iliyobanwa ipate kulegea. Oveni ya kuokea mikate inatosha. Bapa likisuguliwa kwanza hadi ling'ae, joto litalivika rangi ya manjano ya majani makavu. Likifika buluu, karibu nyuzi 300, limelainika kupita mahitaji ya jikoni.

Wapo watakaosema kwamba wahenga walifua bila oveni wala kipimajoto. Ni kweli, na kazi yao yastahili heshima: mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi tanuri za Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, zilivyotoa chuma chenye kaboni. Lakini wahunzi wale hawakuwa wakibahatisha. Walisoma rangi ya moto kwa jicho lililofunzwa kwa miaka. Asiye na jicho hilo atumie sumaku na oveni.

Hoja nyingine ni ya gharama, kwamba oili chafu ya injini hupatikana bure na hupoza vilevile. Hupoza, ndiyo. Ila oili iliyotumika imekusanya chembe za metali na kemikali za mwako, baadhi yake zikiwa zile zinazosababisha saratani; moshi wake huingia kifuani mwa fundi, na masalio yake hubaki kwenye kisu kitakachokata nyanya. Akiba hiyo haina maana. Vivyo hivyo kwa bomba na bolti zilizopakwa zinki, ambazo zisiingie kabisa kwenye makaa. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na mvuke wake ukivutwa huleta, saa chache baadaye, homa, baridi, kuumwa kichwa na ladha ya chuma mdomoni. Kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya siku moja au mbili, lakini katika nchi zetu ni rahisi kuidhania malaria na kumeza dawa zisizohusika. Kwa hiyo, mhunzi anayetetemeka jioni baada ya kufua asijitibu kwa kukisia. Apime malaria, na amweleze daktari ni chuma gani alichokuwa akichoma.